Mstari wa Uganda

Daktari Murad alifariki mwezi uliopita, kwao Amman. Habari ilinifikia kwa ujumbe wa simu ambao mwanawe aliwatumia watu wote waliowahi kufanya kazi na baba yake hapa Doha. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mkononi nimeshika cheti cha dawa zangu za presha. Nilisoma, nikamwombea, nikachukua dawa, nikatoka. Nilipofika kwenye gari nilikaa bila kuliwasha, na haikuwa kwa uchungu wa msiba peke yake. Kuna jambo la mwaka wangu wa kwanza katika mji huu ambalo tulikuwa tunalijua watu wawili tu, yeye na mimi. Miaka yote hii nilijiliwaza kwamba mzigo ule tunaubeba pamoja, tena kwamba upande mkubwa ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Sasa ameutua upande wake, na mimi nimebaki nao mzima.

Nitaruka habari za kwetu Tanga, za wazazi na za shule, kwa kuwa hazina sehemu katika haya. Nilifika hapa nikiwa na miaka ishirini na sita, na shahada ya takwimu ambayo niliiamini kupita kiasi. Chumba nilichopata kilikuwa mtaa wa Al Mansoura, ghorofa ya tatu, katika nyumba iliyokatwakatwa kwa mbao hadi vyumba viwili vikawa vitano. Chetu kilikuwa na vitanda vitatu, kabati moja la bati, na dirisha moja ambalo kiyoyozi kilikuwa kimelijaza lote, kwa hiyo hata saa sita mchana tuliwasha taa. Kiyoyozi kilidondosha maji, tukaweka beseni chini yake, na kulimwaga ilikuwa kazi ya zamu. Ukuta ulikuwa mwembamba hivi kwamba tulijua jirani yetu, mpishi wa hoteli, anapojigeuza kitandani. Bado napita jengo lile mara mojamoja. Wamelipaka rangi. Kila nikipita huwa naongeza mwendo, kama mtu anayeogopa kuitwa kwa jina.

Wenzangu wa chumba walikuwa manesi wawili, Nekesa na Nafula. Mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja aliolewa Busia upande wa Kenya, mwingine akaolewa Busia upande wa Uganda, na kati ya nyumba hizo mbili mtu alikuwa anakwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Nekesa alisomea unesi nchini kwake, Nafula kwake, lakini mwalimu wa ukunga alikuwa mmoja: alilala Uganda, siku tatu za juma akavuka kufundisha Kenya, siku mbili akabaki kufundisha huko huko. Madaftari waliazimana. Walikuja Doha mwezi mmoja, kwa wakala mmoja wa Nairobi, wakaajiriwa na hospitali moja ya binafsi, na wote wawili wakafeli mtihani wa leseni mara ya kwanza, kwa kuwa wakala alikuwa amewapa watu wake wote kitabu cha maswali ambayo yalikwishaachwa kuulizwa siku nyingi. Walikuwa na nafasi ya kurudia mara moja, na hadi wakati huo walifanya kazi chini ya uangalizi. Nekesa alikuwa mkubwa wetu, nikimwita dada. Nafula nilikuwa nalingana naye, tukaitana kwa majina.

Ijumaa hatukwenda kazini, tukapika pamoja kwenye jiko la watu wote. Nakumbuka Ijumaa moja Nafula alikuwa amepata, kwenye duka dogo la Waafrika nyuma ya barabara yetu, mfuko wa vile visamaki vidogo vikavu vya ziwani. Nikasema nitavikaanga mimi, maana dagaa huwa napenda wakauke.

"Dagaa gani?" Nekesa akauliza. "Hiyo ni omena."

"Ni mukene," Nafula akasema, hata hakugeuka, alikuwa anasonga ugali.

"Si wametoka ziwa moja?" nikauliza.

"Ziwa ni moja, lakini yetu ni omena. Wewe kula yako ukiita dagaa, mimi nile yangu. Kwani kuna shida?"

Tulicheka, tukala kwenye sinia moja, na mpishi wa hoteli akagonga ukuta kuomba ugali kidogo. Nasimulia hili kwa sababu nilikuwa na furaha siku ile, na ndiyo furaha ya mwisho ya mwaka ule ninayoikumbuka bila kitu kingine kuingia katikati yake.

Jumapili iliyofuata Daktari Murad aliniita mezani kwake. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, watu sita, tukifanya utafiti kwa yeyote aliyehitaji. Tulizungumza Kiingereza, maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyabeba moyoni. Alikuwa mtu mpole, aliyekuwa amefundisha chuo kikuu miaka mingi, na kikombe chake cha chai hakikuwahi kuwa na sukari. Akaniambia kuna kundi la hospitali limetuletea kazi. Lilikuwa linaajiri manesi kutoka nchi nyingi, na katika baadhi ya nchi hizo wengi walikuwa wanafeli mtihani wa leseni. Wakubwa wa hospitali walitaka kujua tofauti iko wapi, wapate kuamua nani aendelee kuajiriwa na nani apewe nafasi ya kurudia. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza jedwali: kila nchi mstari wake, na katika kila mstari namna nchi hiyo inavyowafundisha manesi na jinsi manesi wake walivyofanya mtihani. Alipotaja majina ya hospitali, ya wenzangu ilikuwamo. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikakumbuka mkataba niliotia saini, kwamba ya mteja hayatoki nje, na kwamba kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa chini ya jina la ofisi ile. Nikaufunga.

Jedwali lilitoka baada ya majuma mawili, na lilionekana wazi kabisa, jambo ambalo kwa mtu wa takwimu lingetosha kumtia wasiwasi. Nchi zinazofundisha manesi katika vyuo vya kawaida, nje ya vyuo vikuu, zilikuwa zinafanya vibaya. Nchi baada ya nchi zilisema hivyo hivyo. Daktari alifurahi. Akaandika kwenye rasimu kwamba mfumo wa vyuo ndio tatizo, na kwamba manesi wa mfumo huo wasipewe nafasi ya pili. Nilirudi Al Mansoura jioni hiyo nikawakuta Nekesa na Nafula wamekaa kitandani kwangu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na taa, wakinisubiri niwaulize maswali ya mtihani.

Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Kila jioni, kabla ya chakula, nilishika kitabu chao kipya, nikauliza: mgonjwa wa kisukari akianza kutokwa jasho na kuchanganyikiwa utafanya nini kwanza. Nafula alijibu amefumba macho, vidole vikihesabu hatua. Nekesa alijibu harakaharaka, akikosea anaguna. Nami nilikuwa nasoma swali linalofuata nikijua kwamba huenda hakuna mtihani wowote wanaojiandalia. Nilianza kukosa usingizi. Nekesa, ambaye macho yake yalikuwa ya nesi hata akiwa nyumbani, alinishika kifundo cha mkono siku moja akahesabu mapigo.

"Zuhura, kwani unakimbizwa na nani? Moyo unaenda mbio hivi."

"Kazi tu, dada."

"Kazi gani hiyo ya kukaa kwa kiti?"

Kisha likaja suala la uvumi. Nafula aliingia mchana mmoja kutoka zamu ya asubuhi, bado ana sare, akakaa chini bila kuvua viatu. Akasema hospitali inawarudisha kwao manesi wote waliofeli, wala mtihani wa pili haupo.

"Nani amesema?" Nekesa akauliza.

"Watu watano wameniambia. Watano, Nekesa. Wote hawawezi kuwa waongo."

"Nitajie."

Akawataja. Nekesa akachukua simu, akawapigia mmoja mmoja, na sisi tukisikiliza. Wa kwanza alikuwa ameambiwa na wa pili. Wa pili na wa tatu walikuwa wamekaa pamoja kwenye basi la hospitali. Wa nne analala chumba kimoja na wa tatu. Wa tano alimsikia dereva wa basi lile lile, na dereva alipopigiwa akasema yeye alikuwa anaongea habari za hospitali nyingine kabisa, tena ya nchi nyingine.

"Umeona?" Nekesa akamwambia. "Si watu watano. Ni mtu mmoja tu, dereva, na hata yeye hakusema hivyo. Vua viatu ule."

Nafula alicheka kwa aibu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, sikuwa nacheka. Nilikuwa naliona jedwali langu. Nchi zilizotoa ushahidi dhidi ya mfumo wa vyuo zilikuwa karibu zote majirani: Kenya, Uganda, Tanzania na wenzao wanaopakana nao. Waliachiwa mfumo ule na mtawala mmoja wa kikoloni, wanaazimana walimu na vitabu, na manesi wao wanapita kwa mawakala wale wale. Nilikuwa nimeweka kila nchi kama shahidi aliyekuja peke yake kutoka kwake, wakati wote walikuwa wametoka kwenye basi moja. Nchi chache za mbali, zenye mfumo huo huo wa vyuo lakini wala hazijui Nairobi iko wapi, manesi wake walikuwa wanafaulu vizuri. Nilikuwa nimeziona. Nilikuwa nimeziita za kipekee.

Ilinichukua siku nne kupata ujasiri. Mtu asiyewahi kuishi kwa kibali cha mwajiri ataona ni muda mrefu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno bafuni, maji yakiwa wazi ili mpishi asisikie. Siku ya tano, asubuhi, nikasimama mbele ya meza ya Daktari nikamwambia jedwali letu limehesabu jambo moja mara nyingi. Nilimweleza kuhusu mtawala, vitabu na wakala. Sikumwambia kuhusu Busia, wala mwalimu wa ukunga, wala vitanda vitatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza maswali magumu, ya mwalimu, na mengine sikuyajibu vizuri. Kisha akavua miwani akajisugua macho.

"Umesema kweli," akasema. "Nililifundisha hili kwa miaka, na sikuliona kwenye karatasi yangu mwenyewe."

Nilidhani nimemaliza. Lakini ripoti ilikuwa inatakiwa kesho yake, na hapakuwa na muda wa kuanza upya. Akasema tutafanya njia fupi: katika kila kundi la majirani tutabakisha nchi moja iwakilishe wenzake, nyingine tuziondoe, tuone kama tofauti inabaki. Ni njia inayokubalika, ingawa ni ya kukatakata. Akanisukumia karatasi.

"Sehemu ile unaijua wewe kuliko mimi. Chagua moja."

Nimeishi na dakika ile kuliko na dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Kwa hesabu tuliyotaka kufanya, ilikuwa mamoja nani abaki. Matokeo yangekuwa yale yale. Tanzania niliiondoa kwanza, nikajiambia ni kwa sababu manesi wake walikuwa wachache mno. Zile za pembeni zikafuata. Zikabaki Kenya na Uganda. Kumbukumbu za Uganda zilikuwa zimejaa zaidi kidogo, mapengo machache, na katika takwimu hiyo ni sababu nzuri, ningeweza kuitetea mbele ya yeyote. Lakini pia mwezi uliopita nilikuwa nimelala siku chache kwa homa ya koo, na Nekesa ndiye aliyekuwa ananipikia uji. Sijui. Nimejiuliza kwa namna zote na hadi leo sijui ni mkono upi ulioandika. Nilikata Kenya kwa kalamu, nikaacha Uganda.

Tofauti haikubaki. Daktari akafuta lile pendekezo kuhusu mfumo wa vyuo, akaandika ukurasa mzima, tena mzuri, akieleza kwamba mstari wa Uganda umesimama badala ya majirani zake na usisomwe peke yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile, mbali kote kule, nikanunua maandazi na karak, ile chai ya maziwa na iliki ya huku, kwa wote watatu. Nekesa akaniambia moyo wangu umetulia.

Baada ya mwezi barua zikatoka. Hospitali ilikuwa imesoma jedwali na kuuacha ule ukurasa. Katika jedwali, nchi iliyokuwa chini kabisa ilikuwa Uganda. Manesi wa Uganda waliofeli hawatapewa nafasi ya pili. Wa Kenya, kwa kuwa ripoti haikusema lolote juu yao, waliendelea kama kawaida. Nilikwenda kwa Daktari nikamweleza, na kwa mara ya kwanza nikamwambia Nafula ni nani kwangu. Alisimama akafunga mlango. Siku hiyo hiyo aliwaandikia hospitali, na baadaye tena, na safari moja akaenda mwenyewe. Wakamjibu kwa adabu kwamba uamuzi ni wao. Aliporudi alisema tu, "Samahani, binti yangu," na hatukulizungumza tena hadi alipohama.

Nafula alifungasha mchana wa Jumamosi. Alikunja nguo zake polepole mno, kama anayemkunjia mtu mwingine. Alisema labda Mungu amemwepusha na kitu asichokijua. Nekesa hakuwa analia, alikuwa na hasira.

"Kitabu ni kimoja," akasema. "Ajenti ni mmoja. Mwalimu ni mmoja, nyanya aliyezaa mama zetu ni mmoja. Marks zake zilishinda zangu hata. Mbona arudishwe yeye, mimi nibaki?" Akanigeukia. "Wewe ndiye wa hesabu. Hebu nieleze."

Nafula naye akainua macho, akanisubiri.

"Sijui, dada," nikasema.

Nekesa alirudia mtihani akafaulu. Nafula alipata kazi kwenye kliniki ya Tororo, huko kwao Uganda, akaolewa, akapata watoto, na kila Krismasi tulisalimiana kwa simu, maneno machache. Sikuweza kumwuliza lolote kuhusu kazi. Mimi nilibadili ofisi mara mbili, nikapanda cheo, na vijana wanaonifanyia kazi wananiogopa kidogo kwa jinsi ninavyowauliza kuhusu majirani: nani anapakana na nani, nani alijifunza kwa nani, hizi nchi mlizoziweka ishirini ni ishirini kweli. Wanadhani ni ukali wa taaluma.

Baada ya ujumbe wa msiba nilivumilia wiki mbili. Ijumaa ya tatu nikaendesha hadi Al Rayyan, anakoishi Nekesa sasa na mumewe. Yeye ni mkuu wa wodi. Alinipokea kwa aproni, akaniweka jikoni, akaendelea kukata vitunguu huku nikisimulia. Nilipofika kwenye kalamu, kisu kikasimama.

"Kwa nini Uganda?"

"Kumbukumbu zake zilikuwa kamili zaidi."

"Sana?"

"Kidogo."

"Kwa hivyo ungeweza kuacha Kenya."

"Ningeweza."

"Basi ningeenda mimi." Alisema bila kuuliza. Akanawa mikono, muda mrefu kuliko vitunguu vinavyohitaji. "Na siku ile nilikuuliza, Zuhura. Nilikuuliza mbele yake."

"Uliniuliza, dada."

Hakunifukuza, wala hakunifariji. Alizima jiko, akaketi mbele yangu, akatazama saa ya ukutani. Saa za Doha na za Tororo ni zile zile.

"Leo anatoka kazini saa tisa," akasema. "Utampigia wewe. Mimi sitasema neno."

Tulikaa bila kula hadi saa tisa ikapita. Nilipopiga, Nafula alipokea upesi, akafurahi, akauliza kama niko salama, maana si Krismasi. Nilimwomba akae. Nikamwambia yote kwa mfululizo, kwa kuogopa kwamba nikisimama sitaendelea: jedwali, majirani, mistari tuliyoifuta, mstari nilioacha, barua, na lile jibu langu chumbani.

"Kwa hiyo si kwamba nilikuwa sijui kazi," akasema.

"Hapana. Kazi ulikuwa unaijua."

"Mimi nimewaambia watoto nilirudishwa kwa sababu sikusoma ya kutosha. Nawaambia kila wakifeli. Nawaambia, msikuwe kama mimi."

Nekesa alikuwa ameinamisha kichwa mezani. Nikamsikia Nafula anaita jina la mtu, mlango ukifunguliwa, kiti kikivutwa.

"Sema tena," akaniambia. "Pole pole. Nimeweka spika, binti yangu yuko hapa."

Nikasema tena.